Saa za Taa

Mji wetu unaitwa Kumi,
lakini machungwa ya Januari hayahesabiki kwa kumi:
ni gunia juu ya gunia, nyuki juu ya gunia,
na yaliyooza chini yanatiririka hadi mlangoni.

Zamani tulichemsha.
Sufuria ilikohoa, juisi ikatoka salama na mfu,
ladha ya chungwa lililosimuliwa na mtu
ambaye hajawahi kulimenya.

Sasa Asekenye amefunga bomba la kioo, jembamba,
limeizunguka taa ya urujuanimno.
Juisi hupita humo kama utando, baridi,
na mwanga huvifunga vijidudu kizazi
bila moshi, bila povu, bila hata joto la kiganja.
Hamruhusu mtu kuchungulia.
"Taa inayoua kijidudu," asema, "haiulizi wewe ni nani."

Mama yake alikuja na beseni la machenza, akasimama kizingitini.
"Moto naufahamu. Lakini taa, mwanangu,
inaua nini zaidi ya giza?"
Asekenye akachovya kidole, akainua nyuzi mbili za chungwa:
"Adui ni hizi, mama. Kijidudu hujibanza nyuma ya uzi
kama mdaiwa nyuma ya mlango;
mwanga ukabisha hodi, ukapita."
Ndiyo maana mimi nachuja mara tatu.
Vidole vyangu vimegeuka manjano hadi kwenye kucha.

Jumanne umeme ulikatika, ukarudi
kabla hatujamaliza kusema umekatika.
Kikombe kimoja, labda, kilipita gizani,
kikaingia pipa lenye lita arobaini.
Rangi ile ile. Harufu ile ile.
Okiria wa dukani alikuwa nje, pikipiki ikinguruma,
pesa mkononi.
Asekenye hakubishana na mtu. Aliinamisha pipa,
nguruwe wa jirani wakafanya sikukuu.

Jana usiku alifungua daftari la saa, akajumlisha kwa midomo,
akaizima taa, akaichomoa polepole
kama anayeng'oa jino la mtoto.
Nikamwuliza: mbona ilikuwa bado inawaka?
"Inawaka," akasema. "Imeacha kuua."

Akaiviringisha kwenye gazeti, akaandika tarehe,
akailaza rafuni kando ya zile mbili za mwaka jana,
nzima, safi, hazina hata ufa.
Akafunga mpya. Akageuza ukurasa.
Akaandika sifuri.