Kitufe cha Buluu

Karani wa Shimanzi, zamu ya usiku, kanipigia:
"Kitabu chenu chasema bonyeza kijani.
Ki wapi? Mimi naona buluu."

Kweli. Tulikibadili kitufe mwezi wa Machi,
tukajipongeza kwa kahawa tungu pale Makadara,
na maelezo hatukuyaambia.

Nafungua faili chanzo, feni ikilalama.
Mstari wa arubaini: kijani. Wa tisini na mbili: kijani.
Nafuta, naandika buluu,
naunda upya kurasa zote, nangoja.

Chini kabisa, pasipofika jicho la msomaji,
Mwanatumu aliacha neno la fundi kwa fundi:
"Hapa sijui kwa nini inakubali.
Ukijua, andika."

Yuko Doha sasa, mwaka wa tatu.
Nami sijui.
Ningeufuta mstari huo, nani angeona?
Nauacha.
Chini yake natia tarehe, jina langu,
na neno moja: bado.

Nampigia karani. "Haya, soma."
Asoma kwa kituo, kama mtoto wa chuo mbele ya mwalimu,
afika buluu, atua,
nasikia kipanya: tak.
"Hapo," asema. "Sasa mwasema nami."