Pishi ya Pembeni

Tawi lilisema "ka", mara moja tu.
Mkononi nilikuwa na kishada kibichi,
na hata chini, watu wakinizunguka, Asaa alisema:
"Mfumbueni vidole, bado kashikilia."
Hizo ndizo karafuu zangu za mwisho.

Wakaninyanyua kama gunia, watu wanne,
mgongo ukining'inia katikati.
Siwalaumu. Nani alitufunza?
Sasa nawafunza mimi. Kila msimu ukifunguliwa
huko Mtambwe, chini ya miti ileile, nasema:
akianguka mwenzio usimnyanyue. Leta mlango.
Ng'oa mlango wa banda, mlaze, mfunge kwa kanga,
ndipo umwite mwenye gari.
Vijana hucheka: mlango?
Naam, mlango.
Mie ulinipita.

Ziko hesabu huzijui mpaka zikuingie mwilini.
Saa mbili ubavu huu, saa mbili ule.
Usiku simu ya dada yangu Mize huwika kama jogoo,
huamka, hunigeuza, humulika kitokono na visigino
akitafuta wekundu mdogo, kama sarafu.
Kidonda huanza na sarafu
kikataka na sanda.
Mpira wa mkojo ni wa siku moja;
sisi twauchemsha wiki.
Mskitini wamesawazisha vidato viwili,
cha tatu chasubiri mfuko wa saruji,
nami hapo cha tatu nasubiri mtu.

Mto ninaokalia ni kibati cha Bi Riziki.
Ilikuwa zamu yake, akitaka kabati.
Kabati hana mpaka leo.
Nikianza kushukuru hunikata:
"Kaa juu yake, usinimalizie maneno."

Riziki yangu sasa ni redio na simu, barazani Wete.
Naunga nyaya nyembamba kuliko nywele:
ncha ya moto, tone la risasi, moshi kidogo,
na iliyokuwa bubu inasoma taarifa ya habari.
Basi Thuwaiba, mtoto wa jirani,
anayesomea mishipa ya fahamu, alipokuja likizo,
nikamuuliza: "Na huu wangu mbona hauungiki?"
Akavuta kiti.
Akasema waya wa shaba haujui uchungu;
huu wa ndani ukiumia hujijengea kovu,
na kovu huziba njia.
Wapo wanaoitafuta njia, akasema,
wanataka miaka, wanataka pesa,
na watu kama mimi wa kuwauliza maswali.
"Lini?"
"Sijui."

Nilimpenda kwa lile "sijui".
Nishauziwa mafuta ya chupa,
nishanywa kombe,
nishaapiwa na mtu wa Konde
kwamba siku arubaini nitakwenda sokoni kwa miguu.
Wote hao walijua.

Msimu huu wachumaji wamebishana usiku kucha
wakakubaliana: kila mmoja, kila wiki,
pishi moja pembeni.
Nusu ya walio vitandani,
mito, mipira, magurudumu;
nusu ya wanaotafuta.
Mie nikatoa bei ya redio tatu.
Shaame akapinga, akasimama kabisa:
"Huo utafiti uko mbali. Tumbo langu liko hapa."
Nani wa kumjibu? Ana watoto sita
na mikarafuu ya kukodi.
Nami mwenyewe, usiku, Mize akishanigeuza,
huhesabu umri wangu na miaka ya Thuwaiba
nikaona hazikutani.

Ijumaa, kabla ya sala, Shaame alipita barazani.
Hakutoa salamu ndefu.
Nilikuwa nimeinamia simu ya mtu, tundu za pua zimejaa risasi,
naye akaweka kitu mapajani mwangu
akaenda zake.
Uzito wake sikuuhisi.
Nikaendelea kuunga waya
mpaka harufu iliponifika.