Fundi Rangi kwa Shemeji Anayetafuta Nyumba

Shemeji Mbaruku, usiende na Hizza dalali saa nne asubuhi,
jua linacheka na kuta zimekauka.
Nenda mwezi wa tano, masika yamekaza.
Usipige hodi kwanza. Simama barabarani,
utazame maji yanaelekea wapi.
Kule Mabawa maji yanakumbuka mipaka
kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Miaka ishirini na tatu napaka rangi Ngamiani,
nami nakwambia bila haya:
nyumba inayouzwa ni bibi harusi.
Usimuulize kungwi kama mwari ana upele.

Kungwi ni mimi. Naitwa siku tatu kabla ya mteja:
"Fundi, rangi nyepesi, ing'ae, isiwe ghali."
Nakwangua chumvi ukutani kwa panga butu,
napiga lipu, napiga rangi ya maziwa,
na kufikia alasiri ukuta umeshasahau.
Wiki sita tu. Kisha unakumbuka.

Kwa hiyo gusa. Weka kiganja usawa wa goti,
nyuma ya kabati, maana huko ndiko fundi huchoka.
Ukikuta kabati zito katika chumba kitupu, lisogeze.
Wakisema halisogei, sogeza bei.
Gonga dari; wakikimbia wenyeji wa juu,
hao ni wapangaji wasio na mkataba.
Omba kwenda chooni hata kama huna haja.
Jirani usimuulize "nyumba ikoje?"
Muulize mara ya mwisho walihamisha magodoro lini.

Halafu karatasi. Muhuri usikubabaishe, soma majina.
Marehemu aliacha wake wangapi? Watoto?
Yupo aliyeko Mombasa ambaye hajapigiwa simu?
Mrithi mmoja aliyesahauliwa
huangusha nyumba ambayo mchwa wameishindwa.
Shilingi isitoke mfukoni
kabla wote hawajatia dole mbele ya wakili.

Na siku ukiuza wewe, usiniite mimi kwanza.
Muite fundi bomba. Lipa kodi ya ardhi,
risiti zote zikae kwenye kopo moja.
Wapangaji waambie mapema, wasisikie kwa dalali.
Fagia mpaka nyuma ya choo.
Ufa uliopo, uoneshe kwa kidole chako mwenyewe.

Unacheka. Ngoja.

Mwaka juzi nilikuwa na akiba yangu,
Hizza akanipeleka Makorora kwa Bi Mwantumu Shekue.
Vyumba vinne, uwani mwarobaini, bei ya kuumiza.
Nikafungua mlango wa chumba cha pili
na nyuma ya bawaba nikaona ulimi wa rangi ya kijani.
Brashi yangu huanzia pale, haijawahi kuanzia kwingine.

Chini ya kijani kile kulikuwa na ufa mrefu kama mkono wangu.
Niliujaza magazeti na saruji kiganja kimoja,
miaka kumi na moja nyuma, kwa elfu arobaini.
Aliyenilipa aliuza wiki ileile.
Aliyenunua ni huyu mama,
amesimama mlangoni ananiambia kwa moyo mweupe:
"Huo ukuta, baba, kila masika hulia.
Sijui nilimkosea nani."
Pembeni, ndoo tatu zimepangwa kama watoto wa madrasa.

Hizza akanikanyaga mguu: sasa, punguza milioni mbili!
Mimi ulimi ulikuwa umekauka kama ule wa bawaba.
Nikalipa alichotaja.
Sikumwambia kwa nini. Hilo bado nadaiwa.

Ufa nimeufungua, nimeushona kwa nondo,
na juu yake sijapaka kitu.
Wageni huuliza, fundi gani huyu kwake hakuna rangi?
Njoo uone, shemeji.
Lakini njoo mvua ikinyesha,
na kiganja chako uje nacho.