Pishi ya Mfuto

Miaka sita Shaame hakunywa maji ya Kombo.
Tumbo moja, ziwa moja,
na kati yao ua wa makuti
uliosimamishwa usiku wa kuhesabiwa kura.
Mama yao alipokufa, huyu alileta jeneza la msikiti wa juu,
yule akaleta la msikiti wa chini,
na maiti akangoja juani
mpaka akatokea mtu mwenye jembe.

Mtu huyo Luhende.
Alifika Mtambile mwaka wa mzao mkubwa,
kutoka Urambo, na mke, na sufuria mbili.
Tulimcheka alivyoukumbatia mkarafuu
kama mtu anayeaga.
Mgeni, siku ya tatu mpe jembe;
sisi tulimpa siku ya kwanza, kabla ya maji.

Akachimba. Kaburi la mama yao,
kisha choo cha Shaame, kisha msingi wa Kombo.
Alipenya ule ua kama kuku,
akipeleka chumvi huku, akirudisha kisu kule,
na salamu wasizotumana akazibeba pia,
akizipunguza makali njiani.
Usiku nikichambua karafuu na mkewe, Nyamizi,
vidole vyetu vyeusi sawasawa,
makonyo huku, karafuu huku.
Binti yao kazaliwa hapa, mkunga mimi.
Hasemi mtoto. Husema ntoto.

Basi redio ikatangaza maridhiano.
Nilitia udi chetezoni. Nililia, sifichi.
Shaame akaubomoa ua kwa mikono yake,
Kombo akaleta kahawa na haluwa ya Wete,
wakakaa jamvi moja, magoti yanagusana,
wakatafuta la kuzungumza.
Walijaribu mvua.
Walijaribu bei ya karafuu.
Halafu mmoja, simkumbuki yupi, na hilo ndilo linaloniuma,
akasema, "Hawa wa bara wamezidi."
Mwenzake akasema, "Nami nilitaka kukwambia."

Ndugu wakapatana.

Hawakumpiga. Watu wema hawapigi.
Walimwita kwa jina, wakampimia karafuu zake,
wakaifuta pishi kwa ubao, tambarare,
pishi ya mfuto,
yeye aliyetuchimbia miaka yote kwa shumbi.
Akauliza jambo moja tu:
"Kaburi la bibi, mwaka huu atalipalilia nani?"
Wakatazama kahawa.
Mimi nilikuwapo. Chetezo kilikuwa mkononi mwangu,
na moshi ulinipa sababu ya kufumba macho.

Sasa pale penye ua pamebaki mstari
usioota kitu, hata majani ya kuku.
Jioni wanakaa, wanakunywa, wananyamaza,
na kila wakinyamaza naogopa,
maana nawasikia wanahesabu nyumba:
ile ya Mmakonde kisimani,
ile ya kinyozi aliyetoka Pangani...

Nimeolewa hapa mwaka wa thelathini na moja huu.
Kwetu ni Makunduchi.
Siku hizi nikisema ntoto
nasikiliza kwanza nimelisemaje.