Herufi Zenye Kofia

Katika banda la klabu ya zamani, kule Nguba,
chini ya mabati na mavi ya popo,
Nsimire Zihalirwa aliikuta:
mashua nyembamba kama ganda la haragwe,
urefu wa watu watano, upana wa kiti kimoja.
Ubavuni, kibati cha shaba
chenye jina asiloweza mtu kulitamka,
herufi nyingine zimevaa vikofia, nyingine zimebeba vijiti.
Ya mhandisi Mcheki, mlinzi alisema,
aliondoka hujazaliwa, akaacha na deni la bia.

Mimi nilikuwa fundi wa saa pale Nyawera.
Alinijia na saa ya mbio, kioo kimepasuka, akauliza bei.
Nikataja franga.
Akasema: sina franga, nina mashua.
Ndivyo nilivyopata kazi isiyo na mshahara.

Sisi watu wa Kivu tunalijua kafi:
unakaa ukitazama mbele,
unaliona wimbi kabla halijakuona.
Kasia ni jambo jingine.
Kasia linataka ukupe mgongo kule unakokwenda.
Mama yake, muuza sambaza wa Muhanzi,
alitazama mara moja, akasonya:
"Nimezaa mtoto aende kinyumenyume?"

Tulipima mita elfu mbili kwa kamba ya nailoni,
mita hamsini, mara arobaini,
mwisho wake bidoni la njano lililofungwa jiwe.
Kijana Cishugi alikaa pale ndani ya mtumbwi
na kitambaa chekundu cha kuinua.

Alfajiri, wavuvi wakirudi, taa zao zimezimwa,
nilipaza sauti: Haya!
na uso wake ukaanza kunikimbia.
Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kutazamwa.
Miaka kumi na mmoja tulitazamana
huku kila pigo likitutenga.
Kushinda, kwake, kulikuwa mimi kupungua:
kwanza vifungo vya koti,
kisha mkono wenye saa,
kisha doa,
kisha ufuko mtupu.

Dakika kumi na sekunde nne.
Tisa na nusu, viganja vimechunika.
Mwaka wa risasi, daftari halina kitu.
Tisa kamili, siku waliyomzika mama yake saa nane mchana;
asubuhi alivuta kama kawaida,
hakuniambia kwamba kuna msiba.

Tunis, mara ya kwanza, akawa wa mwisho
katika mashua ya kuazima iliyokataa makalio yake.
Mara ya pili, wa nne.
Mara ya tatu mimi nilikuwa Nyawera, simu sikioni,
nikisikia upepo na Kiarabu,
halafu mtu analia, sikujua ni nani.
Bingwa. Nane na sekunde kumi na moja.
Baadaye aliniambia: pale mwanzoni hapakuwa na mtu wa kumwacha,
basi nikamtazama Mmisri, yeye ndiye aliyepungua.

Ndipo tukagundua kamba yetu ilikuwa ikivutika majini.
Miaka yote ile alivuta elfu mbili na mia moja,
nami nikimwita mvivu.

Bukavu ilimpokea kwa pikipiki thelathini.
Mkubwa mmoja aliahidi mashua mpya.
Ahadi iko njiani;
labda nayo inakuja kinyumenyume.

Sasa uti wa mgongo umemgomea.
Anafundisha wasichana sita, kwa zamu, mashua ni ileile.
Mwezi uliopita alifika mgeni wa mradi wa maji,
akainama kwenye kibati, macho yakamng'aa,
akafungua kinywa alisome lile jina.
Nsimire akainua kiganja chenye sugu:
"Usilitamke."
Hakueleza. Mgeni akafunga kinywa.

Kisha akamgeukia msichana aliyekuwa kitini:
"Kaa sawa. Mgongo kule Idjwi.
Mtazame mzee mwenye saa, usimwachie macho."
Nami, magoti yakilia,
nikasimama wima juu ya jiwe,
nikatanua koti langu,
ili niwe na cha kupungua.