Saba ya Kopa

Usukani uko kulia, kama kwenye magari yote yaliyopitia Mombasa,
na sisi hapa Goma tunapita kulia,
kwa hiyo nilikuwa nimekaa juu ya ukingo kabisa,
ningeweza kunyoosha mkono nikausalimia.
Sina kisingizio.
Nilikuwa naangalia pikipiki iliyobeba godoro.
Kisha nikasikia

krrraaa,

kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria
katikati ya sala.

Ukingo wetu si saruji laini ya miji mingine.
Ni jiwe la volkano, jeusi, lenye matundu,
na kila tundu lina jino lake.
Lilishuka mlimani likiwa uji, likala mitaa,
likapoa, likapigwa nyundo,
likapangwa kando ya lami ili litulinde.
Bado lina njaa.

Nilishuka hapo Himbi, suti ya arusi mwilini,
nikachuchumaa.
Janti ya mbele, aloi iliyong'aa kama sahani ya wageni,
sasa ina kovu la shibiri moja.
Nikalipaka mate.
Mama alitupaka mate kila tulipoanguka;
mkono ulikumbuka kabla yangu.

Gari si langu. Ni la Birindwa, mume wa dada yangu Nabintu,
mtu anayefuta dashibodi kwa kitambaa cha miwani,
aliyenipa ufunguo kwa vidole viwili
kama anayemkabidhi mlevi mtoto mchanga.
"Jumapili, saa kumi," alisema. Basi.

Fundi Katembo anafanya kazi Ndosho, nyuma ya ukuta wa mawe yaleyale.
Hakuuliza nani. Hakuuliza vipi.
Aliuliza, "Mwenyewe anakungoja saa ngapi?"
Akatazama mbingu kama anayekadiria bei ya jua.

Akaosha gurudumu kwa sabuni ya unga. Akapunguza upepo.
Kisha msasa: kwanza ule mkali, unaouma,
halafu wa mia nne, na maji,
halafu wa elfu moja, unaobembeleza.
"Usisugue kovu peke yake," aliniambia.
"Sugua na ngozi ya jirani,
la sivyo jicho litauona mpaka."

Hapo mkono wake ukasimama.
Chini ya rangi ya fedha palikuwa na duara la kijivu,
mastiki ya zamani, imekauka vizuri, imelala vizuri.
Jeraha chini ya jeraha.
Akacheka kwa pua tu,
akaendelea kusugua.

Mastiki mpya ilipokauka, akatoa karata,
akazichomeka moja moja kati ya mpira na janti
mpaka gurudumu likavaa marinda:
wafalme, malkia, shupaza, uru,
wote migongo ya bluu, wote wamerukiwa na fedha.
"Zilikuwa hamsini na mbili," alisema.
"Nyingine zimeondoka na magari ya watu."
Akapuliza rangi mara tatu, nyembamba,
akisubiri kati ya mara na mara
kama mtu anayesubiri chai ipoe, hana haraka.
Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Saa kumi kasoro dakika tano.
Birindwa akalizunguka gari, mikono mgongoni.
Akainama. Akapitisha kidole kwenye janti,
akakitazama kidole.
"Umelitunza," alisema, na sauti yake
ilikuwa na huzuni kidogo,
kama mtu aliyekuja na hotuba asiisome.
Akaingia ndani kuangalia mpira.

Nabintu akanisindikiza hadi kwenye geti,
mikono inanuka sambaza za kukaanga.
Alipofika kwenye gurudumu la mbele akainama,
kana kwamba ndara imemtoka,
akavuta kitu, akakitia kiganjani mwangu.
Saba ya kopa.

"Mwambie Katembo awe anahesabu," alisema dada yangu,
akiangalia mlango wa nyumba.
"Kwangu aliacha mbili ya pau."