Saa ya Chemonges

Sindano naijua. Miaka kumi na tisa
nimekaa nyuma ya cherehani hapa Bukwo
nikipinda, nikifumua, nikishona sare za shule
za watoto ambao sasa huniletea za watoto wao.
Kwa hiyo ndoano haikunitisha:
ni sindano iliyoinama kunywa maji.

Manyoya ya jogoo, ya shingoni, yale mekundu,
uzi mweusi,
sufu kidogo niliyoichuna kwenye koti la mteja asiyelipa.
Jioni moja nikawa na nzi sita mezani.
Yeko, mwanafunzi wangu, alivua kandambili
akampiga wa kwanza.
Nikajua nimefaulu.

Ila mkono. Mkono, jamani.

Ufito ulikuwa wa kaka yangu Chemonges,
aliyewapikia wageni kule juu mlimani.
Mmoja wao alimwachia, akamfundisha,
naye akafa Aprili kabla hajanionyesha.
Akaacha daftari. Ukurasa wa kwanza:
*Rudisha hadi saa mbili. Ngoja.
Peleka mbele, simama saa kumi.*

Nikatii. Nani hubishana na marehemu?
Saa mbili, mshale mfupi uko kwenye nane,
chini, karibu na kiuno.
Saa kumi uko kwenye nne,
chini vilevile, upande wa pili.
Nikaufagia mto Suam kutoka nyasi hadi nyasi
Mei yote, Juni yote.
Nilinasa magugu. Nilinasa sketi yangu.
Nilinasa sikio la punda wa Cherukut akiwa na viazi mgongoni;
nilimfumua polepole, tukitazamana.
Wavulana wenye minyoo kwenye kopo la siagi
walivua, wakatunga samaki wao kwenye kijiti,
na mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa:
"Mama, huu mto umekukosea nini?"

Halafu ikaja Jumanne ya mvua, umeme umekatika.
Askari wa forodha alifuata suruali yake,
akauliza saa.
Yeko, ambaye saa bado anaisoma kwa kidole,
akapanda kwenye kigoda:
"Mshale uko kwenye kumi... basi ni saa nne."

Mshale uko kwenye kumi.

Mguu wangu ukaganda juu ya pedali.
Chemonges! Uliandika saa ya wageni wako,
neno kwa neno, kama ulivyoisikia!
Kumi yako ni nne yetu. Mbili yako ni nane.
Juu, juu kabisa, pembeni mwa sikio,
kama mtu aliyepokea simu.
Nikacheka mpaka askari akajikagua suruali.
Nikacheka, kisha kitambaa kikalowa
mahali ambapo paa halivuji.

Julai, basi. Saa nane. Ngoja.
Lile *ngoja* nilikuwa nimeliruka.
Kungoja kiasi gani, daftari halisemi.
Nimepima: ni muda wa kukata uzi kwa meno.
Wakati huo kamba inanyooka nyuma yangu, nisikoona,
nami sina budi kuiamini
kama ninavyouamini uzi wa bobini,
ule wa chini, unaofanya kazi yake gizani.
Nikigeuka kuitazama, inaanguka.
Mara moja katika ishirini nzi hutua kama nzi.
Zilizobaki hutua kama kiatu.

Jana trauti aliibuka.
Niliuona mdomo wake, weupe wa ndani,
nikavuta kabla hajaufunga.
Nzi akaruka akarudi kwangu, akanasa kwenye ukosi.

Sasa nimekaa naufumua ukosi huo.
Yeko ananishikia taa.
Anauliza samaki tutamla lini.
"Kesho," nasema, "saa kumi."

"Ya nani?"